Ndoo ya Pwari za Mama Kabedi

Saa kumi na mbili asubuhi, Kabedi amesimama mlangoni mwa chumba cha watoto wanaoharisha, mkono umenyooka kama wa askari wa kizuizi cha barabarani. Hakuna mama anayepita na furushi la kitenge bila kulifungua.

"Kikwembe, mama. Fungua kikwembe tuone."

"Weye umekuwa polisi?" mwanamke mmoja anamkejeli.

"Polisi anatafuta bunduki. Minyi natafuta ile inaua kuliko bunduki. Fungua."

Anachotafuta ni pwari: mpira mdogo wenye tumbo la mviringo na mdomo mrefu, ambao karibu kila nyumba ya Kamina, kusini mwa Kongo, inao. Mtoto akiumwa tumbo, akipata homa, hata akilia tu, bibi hujaza mpira huo maji ya majani, mara nyingine na pilipili, na kumwingizia mtoto kwa njia ya haja kubwa ili "uchafu utoke". Ni desturi ya siku nyingi. Kwa mtoto anayeharisha, ni kumchimbia kaburi.

Kabedi, mjane wa miaka hamsini na miwili, ni mfanyakazi wa usafi katika zahanati ndogo nyuma ya reli. Anafua, anadeki, anamwaga yale ambayo wengine hawataki kuyatazama. Tangu vita virudi mwaka jana, 1998, wakimbizi wanafika kila juma kutoka kaskazini, wamekunywa maji ya kila dimbwi la njiani. Chumba cha vitanda sita leo kina watoto kumi na tisa. Mshahara wa mwisho aliupokea miezi tisa iliyopita. Siku hizi analipwa mahindi.

Kwenye kitanda cha dirishani amelala Talitha, wa mwaka mmoja na nusu, aliyeletwa juzi na bibi yake Mwila kwa miguu na baiskeli ya kuazima. Mama yake alipotelea njiani, risasi zilipolia. Jana jioni Talitha alikuwa ameanza kukivuta kijiko cha maji kwa mkono wake mwenyewe. Sasa macho yamezama tena. Kabedi anaibana ngozi ya tumbo lake. Inabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa.

Anainama. Ananusa.

"Mama Mwila. Iko wapi?"

"Nini?"

"Usinichekeshe. Mutoto ananuka pilipili."

Bibi anatazama ukuta. Kisha anavuta mpira mwekundu kutoka chini ya godoro.

"Niliingiza ile wakati ulienda ku kisima, nikamusafisha kidogo tu. Tumbo iko na buchafu, mama. Hata minyi, mama yangu alinifanya vile, na niko muzima."

"Uko muzima juu Mungu iko na huruma, haiko juu ya pilipili!"

Akina mama wanageuka kutazama. Kabedi hapunguzi sauti.

"Sikia. Utumbo ya muntu ni ndefu. Ukiitandika, inatoka hapa inapita mulango. Kazi yake ni kunywa maji ya chakula na kuipeleka mu damu. Ikigonjwa, haishike tena maji, inaiachilia yote. Ile unaita buchafu, njo buzima yake inatoka! Na weye unamukamua kama nguo ya kufua, tena unamuchoma ndani."

Maneno hayo alifundishwa na muuguzi Timothée. Kabedi aliishia darasa la tano, lakini hayo aliyashika kama Zaburi.

Sukari ya kuchanganya na chumvi imekwisha mjini. Kwa hiyo, kama Timothée alivyomwonyesha, Kabedi anachemsha uji mwepesi wa mahindi, mwepesi kiasi cha kunyweka, na kutia chumvi kidogo. Anamkabidhi bibi kijiko.

"Kimoja. Ngoja. Kingine. Akitapika, pumuzika kidogo, anza tena. Na mikono yako ibakie hapa juu, niione."

Hasira hii ina jina: Isaïe. Mwaka 1992 mwanawe huyo, wa miaka miwili, aliharisha siku mbili.

"Nilimunyima maji, juu bantu banasema maji inaongeza kuhara," anasema Kabedi. "Nikamutia pwari mara tatu. Ya tatu nilikuwa naimba wimbo ya kanisa, asiogope. Alikufia hapa, ku magoti. Tulikuwa na kanisa, tulikuwa na masomo, tulikuwa na redio. Na muntu hata mumoja hakuniambia!"

Ndiyo maana mwezi wa nne alimwomba mzee wa kanisa, Zébédée, dakika tano za kuzungumzia pwari baada ya matangazo ya Jumapili. Mzee alikunja uso.

"Mama Kabedi, mambo ya matako haisemwe mbele ya musalaba."

"Na nani aliumba matako, papa? Shetani?"

Hakupewa dakika hata moja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kabedi anaongeza kwamba hapa Kamina mficha uchi anazika. Tangu siku ile, anasema, amefunga macho ya watoto wanane ambao matumbo yao yalikuwa yamechomwa na mikono iliyowapenda.

Jua linapita utosini. Kijiko kinakwenda na kurudi. Talitha anatapika mara moja. Wanangoja, wanaanza tena. Bibi haachi.

Mnamo saa tisa, Mwila anaruka kidogo kitini.

"Mama! Ameninyeshea! Kikwembe yote!"

Kabedi anakuja mbio, anagusa kitambaa, ananusa. Ni mkojo. Maji yameanza kubaki mwilini.

"Asante Yesu," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi anakaa chini. "Haijaisha, sikia? Usiache kijiko."

Mwila anauchukua ule mpira mwekundu, anautumbukiza mwenyewe ndani ya ndoo iliyo karibu na mlango. Humo mlikuwa na pwari arobaini na moja ambazo Kabedi amezikamata mlangoni. Sasa ni arobaini na mbili.

"Jumapili hii siombe tena ruhusa," anasema Kabedi. "Matangazo ikiisha, naingia na hii ndoo, naimwanga mbele ya musalaba. Banifukuze kiisha bameona."

"Ni nzito kwa muntu mumoja," anasema Mwila bila kuacha kijiko. "Mutoto akipona, nitashika upande mumoja."

"Na asipopona?"

Bibi anamtazama mjukuu wake, kisha ile ndoo.

"Asipopona, nitaibeba peke yangu."