Mama na Jua la Uani

Mama alikuja kukaa nami Toongabbie, kitongoji cha Sydney, Australia, miezi michache baada ya kuondolewa titi la kushoto. Upasuaji ulifanyika nyumbani Kenya, nami sikuwepo. Mimi ni muuguzi. Nimesafisha vidonda vya watu wengi nisiowajua katika hospitali za Sydney, lakini kovu la mama yangu sikuwa nimeliona. Siku alipofika nilimwuliza kama angependa nimtazame. "Limepona," akasema, akaendelea kupanga nguo zake kabatini. Sikurudia.

Asubuhi, jua likishavuka paa la jirani wa nyuma, alikuwa akienda uani na kiti cha plastiki, akiketi karibu na kamba ya nguo. Uzio wetu ni wa mabati, mrefu kumpita mtu. Akiwa na hakika kwamba yuko peke yake, aliilegeza leso begani na kuliacha jua limfikie. Nililigundua hilo kwa bahati nikiosha vyombo. Niliteremsha pazia la jikoni, na toka siku hiyo sikulipandisha mpaka arudi ndani.

Asubuhi moja nilikuwa nimerudi kutoka zamu ya usiku, nikinywa chai, mama aliposukuma mlango akiwa ameikumbatia leso kwa mikono miwili.

"Kuna kitu huko nje kinanitazama," alisema.

Nilitoka. Juu ya uzio ilikuwa imesimama hewani droni, chombo kidogo cha kurushwa chenye kamera, ikivuma kama nyuki walioudhiwa. Niliipungia taulo kama mtu anayefukuza kunguru. Ilikaa kidogo, ikapanda, ikaelekea upande wa pili. Sikujua nimlalamikie nani. Ukipigiwa hodi na mtu, utamwona uso. Hii haikuwa na uso.

Mama hakwenda tena uani. Alisema ni baridi, na haikuwa baridi.

Baada ya siku kadhaa nyumba ya jirani wa nyuma ilitangazwa kuuzwa. Nilikuwa nikitoka stesheni nilipouona ubao wa tangazo mbele ya lango lake, mkubwa kama mlango, na picha iliyopigwa kutoka angani. Nyumba yake ilikuwa katikati, imezungushiwa mstari mweupe. Pembeni ulikuwa ua wetu, kamba ya nguo, na mama kitini na leso yake nyekundu. Nilisogea karibu. Bega lake lilikuwa wazi. Mtu mwingine asingeona zaidi ya doa jekundu, lakini mimi nilimjua mama.

Jumamosi watu walikaribishwa kuitazama ile nyumba. Nilikwenda. Dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alinipokea akidhani ni mnunuzi. Nilimweleza kwamba mtu aliye kwenye picha ni mama yangu, na kwamba alikuwa uani kwetu.

"Tulikuwa tunapiga picha nyumba hii, dada," alisema kwa upole. "Kwa ninavyojua hatujavunja sheria. Na hata hivyo, hatambuliki."

"Mimi nimemtambua. Naye atajitambua akipita."

"Jumatatu nitaongea na ofisi."

Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yake. Ni mzee aliyefiwa na mkewe; kabla ya hapo tulikuwa tukisalimiana kwa kuinua mkono tu. Aliniuliza, "Alikuwa anafanya nini, mama yako?"

Sikutaka kusema. Nikasema, "Alikuwa mgonjwa. Alikuwa anaota jua."

Mzee aliingia jikoni, akatoka na mfuko mweusi wa taka na utepe wa gundi. Alipita katikati ya wageni mpaka langoni, akaanza kuufunika ubao. Utepe ukawa unajikunja, kwa hiyo nilimshikia upande mmoja. Dalali alitoka, akatutazama, akarudi ndani. Wiki iliyofuata picha ilibadilishwa, kwenye ubao na kwenye mtandao. Kama kuna nakala nyingine mahali fulani, sina njia ya kujua.

Nilifikiri nimfiche mama jambo hili, lakini angeusikia mtaa ukisema. Nilimweleza yote tukichambua sukumawiki mezani. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Ilionekana nini?" aliuliza.

"Bega tu."

"Bega tu," alirudia. Akachambua majani mengine mawili matatu. "Huyo mzee, mke wake alikufa kwa nini?"

"Sijui, Mama."

"Mpelekee mboga hizi zikiiva."

Nilimpelekea. Niliporudi nilimkuta mama chumbani kwake, ameketi ukingoni mwa kitanda, pazia limefungwa.

"Njoo," alisema. "Kama hata chombo cha watu kimepita kuchungulia, wewe mwanangu nitakufichia nini?"

Nilinawa mikono kwanza, kwa mazoea ya kazi. Akafungua leso mwenyewe. Kovu lilikuwa limenyooka, safi, limeshonwa na mtu aliyeijua kazi yake. Upande wa kwapani tu palikuwa pagumu kidogo. Nilipapapasa polepole nikimwuliza panapouma, naye akinijibu. Kisha akauacha mkono wangu ukae hapo.

"Mikono yako ina baridi," alisema baadaye.

Nilitaka kuiondoa. Akaishika.