Sarafu ya Lado Ndani ya Glasi ya Maji

Lado aliifukua sarafu ile kwenye shamba lake la muhogo kule Midia. Alipoifuta udongo akaona kichwa cha mama mmoja wa Kizungu, mnene, kidevu juu, kama aliyekasirishwa kuamshwa.

Mkewe Keji alikuwa amelazwa Arua, tumbo limevimba, na madaktari wameshasema apelekwe Kampala kupasuliwa. Mali yao ilikuwa shamba hilo tu, na Keji alikwisha kuapa kwamba likiuzwa yeye haendi. Akifia huko, watoto watakula nini, kaburi? Basi tumaini lote likahamia kwa yule mama mnene. Mnunuzi wa vitu vya kale mjini Koboko alikuwa tayari kuichukua kwa bei ya maana kama ni madini ya fedha halisi, ila ikiwa na mkwaruzo au alama ya asidi ya kupimia, Lado asijisumbue kuipeleka.

Lado aling'oa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa. Sarafu haikushikwa. Akashika njia ya Koboko, akamwomba Rashida muuza samaki kipande cha barafu, akakiweka juu ya sarafu. Kikayeyuka upesi.

"Umeona? Fedha inafanya hivyo," Lado akasema.

"Na hii jua je? Hata upara yako ingeyeyusha," Rashida akajibu.

Lado akacheka, maana siku hiyo alikuwa anaweza. Akaenda kwa Umaru, mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani ndogo isiyomwonea mtu haya. Umaru akaipima kavu, kisha akaifunga uzi, akaining'iniza ndani ya glasi ya maji, akapima tena.

"Fedha iko nzito mara kumi kuliko maji. Hii yako haifiki hata tisa."

"Pima tena."

Akapima tena. Kisha tena.

"Mzee, maji haina chuki na wewe. Hii ni shaba, wamepaka fedha juu."

"Na sumaku? Na barafu?"

"Hata shaba sumaku haishiki. Na barafu inayeyusha vilevile."

Simu ya Lado ikalia. Keji.

"Umaru, ongea naye wewe. Sema iko fedha. Wewe atakuamini."

Umaru akafungua uzi taratibu, hakutazama juu. "Nikidanganya na mizani yangu, kesho nitapima nini?"

Lado akapokea mwenyewe.

"Iko fedha?" Keji akauliza.

"Iko."

"Hawakuikwaruza?"

"Hata kidogo."

Halafu akasikia mkewe analia polepole, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. "Basi nitaenda, Lado. Shamba usiguse."

Jioni ile alimkuta jirani yake Soka akimenya muhogo uani. Soka alikuwa analimezea mate shamba lile tangu mwaka juzi.

"Bado unalitaka?" Lado akauliza.

Soka akaweka kisu chini. "Keji amekubali?"

"Amekubali kwenda Kampala," Lado akasema, akavuta kigoda, akaketi.