Spika ya Dirishani

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, katika nyumba hii hii ya Isevya, nilipofunga furushi langu la nguo nikalificha nyuma ya gunia la karanga. Nilikuwa nimekata shauri: jioni napanda treni, narudi kwetu Kigwa, na ndoa ibaki na mwenyewe.

Usinitazame hivyo. Babu yako hakunipiga wala hakuninyima kitu. Alikuwa mtu wa reli, na reli ilimchukua siku nyingi ikamrudisha chache. Mama mkwe alishatangulia mbele ya haki kabla sijaolewa. Nikabaki na baba mkwe, na enzi zile mkamwana hakukaa chumba kimoja na baba wa mumewe, wala hawakutazamana usoni. Asubuhi nilisema shikamoo nikiwa nyuma ya mlango, naye akaitika, "Marahaba, mama," akiwa upande wa pili. Chakula nilikiweka mezani nikaondoka, ndipo akaingia kula. Basi, mpaka kesho tena. Ilikuwa heshima, nami naiheshimu mpaka leo, lakini heshima haipigi soga. Nilikuwa msichana mwenye mdomo, nimetoka kwenye nyumba ya kelele, na sasa nilikuwa naongea na kuku. Upweke ulikuwa unanila, mwanangu, kweli kweli.

Baba mkwe naye alikuwa na kipenzi chake: santuri. Mashine yake ya kuzipigia ilikaa sebuleni juu ya kabati, na spika zake mbili za mbao kila moja kwenye pembe yake. Kila Jumapili baba mkwe akitoka kanisani, alikuja rafiki yake, mzee Masudi muuza asali, wakasikiliza pamoja. Na nyumba ilikuwa na sheria. Upande mmoja ukiisha, santuri haigeuzwi mpaka kila aliyesikiliza aseme amesikia nini. Ukisema "nzuri," baba mkwe hakupokei.

"Nzuri ni ya chai," alikuwa akisema. "Nakuuliza umesikia nini."

Mimi nilikuwa uani na kinu changu. Santuri ikianza, mchi wangu ulisimama wenyewe, na ikiisha nikaendelea kutwanga. Nilidhani hakuna aliyeona. Kumbe mzee alikuwa akisikiliza hata kinu kinaponyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumapili ile ya furushi nilikuwa natwanga karanga za mchuzi wa mwisho, maana sikutaka kumwacha mzee wa watu na njaa. Nikasikia kitu kinaburutwa ndani. Dirisha la uani likafunguka, nikaona mikono ya baba mkwe, mikono tu, ikiweka spika moja dirishani na kuigeuzia kwangu. Kisha ikapigwa santuri mpya ambayo babu yako alikuwa ameileta kutoka Dar es Salaam, bado hakuna aliyewahi kuisikia.

Ilipokwisha, mzee Masudi akasema yake juu ya gitaa, akalisifu mpaka likaisha. Halafu sauti ya baba mkwe ikapita dirishani.

"Na mama wa uani, umesikia nini?"

Nikaacha mchi kinuni. Nilitaka kusema "nzuri" nikakumbuka sheria. Nikageukia ukuta nikajibu:

"Baba, nimesikia kayamba. Linakwenda kama mtu anapepeta mtama. Halafu wale akina mama wanaoitikia wakiingia, linapunguza mwendo, linawapisha."

Mzee Masudi akaangua kicheko. "Akina mama gani? Humu mna mwanamume mmoja na gitaa lake! Mkamwana wako anatunga, ndugu yangu."

Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Siku nimeulizwa jambo katika nyumba hii, ndiyo siku naitwa mwongo. Moyoni nikawa nasema treni, treni, treni.

"Mama," baba mkwe akaita, "ingia jikoni kidogo, napita."

Nikaingia jikoni nikachungulia kwa mlango ulioegeshwa. Mzee mzima akatoka na fimbo yake, akasimama pale kwenye kinu changu, akamwambia mwenzake aanze upya. Akatega sikio. Kisha akacheka kicheko ambacho sikujua kama anacho.

"Masudi! Wapo! Akina mama wote wako huku uani!"

Mzee Masudi akaja mbio, akasikia. Wakarudi sebuleni, wakatoka tena, ndani nje kama watoto wanaocheza kombolela. Ndipo wakaelewa kwamba santuri ile ilirekodiwa hivyo: sauti nyingine zilitoka kwenye spika hii, nyingine kwenye ile. Tangu mwanzo, wao walikuwa na nusu ya wimbo na mimi nilikuwa na nusu.

"Nisamehe, mkwe wangu," mzee Masudi akasema mbele ya mlango wa jikoni. "Nimekuita mtungaji, kumbe mimi ndiye sikusikia." Wiki iliyofuata aliniletea chupa ya asali.

Lakini neno la baba mkwe ndilo lililonibakiza. Alisema kwa upole, akiwa amenipa mgongo kama desturi ilivyotaka: "Mama, ningekufa nikidhani ule ndio wimbo wote. Spika hii haitoki hapo dirishani. Wewe utatuambia ya huko, nasi tutakwambia ya huku."

Treni ya jioni ilipopiga honi, mimi nilikuwa nasonga ugali. Furushi nilikuwa nimekwisha kulifungua.

Tulianzia kwenye nyimbo, tukafika kwenye mashamba, kwenye maradhi, kwenye majina ya watoto wangu. Jina la mama yako lilipitia dirisha lile. Mzee yule sikupata kukaa naye chumba kimoja mpaka siku ya kumuaga, lakini sijazungumza na mtu duniani kama nilivyozungumza naye. Namshukuru kila nikisali.

Juzi ulipotengeneza mashine yake ukaziweka spika zote mbili sebuleni, niliusikia wimbo ule mzima kwa mara ya kwanza. Mkaniona nalia mkadhani presha imepanda. Ilikuwa shukrani, mwanangu. Ila wimbo ulipokwisha nikangoja. Mmoja wenu akasema, "Kali, bibi," akarudisha vile vidude vyake masikioni, na kila mtu akainamia simu yake. Hakuna aliyeniuliza.

Basi shika hili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na masikio ni hivyo hivyo. Usimwite mtu mwongo kabla hujaenda kusimama pale aliposimama. Aliye kimya uani kwako muulize, na akikujibu amka ukasikilize. Na wewe ukiulizwa, toa ulichosikia hata kama sauti inatetemeka, maana huenda nusu ya wimbo iko kwako.

Mungu akupe nyumba yenye dirisha wazi, akupe mwenzi wa kukuuliza na subira ya kumsikiliza, na uzee wako usikose mtu wa kuongea naye. Amina.

Sasa santuri imefika mwisho, kageuze upande wa pili. Ngoja kwanza, kaa hapa. Umesikia nini?