Mvua Tatu za Kumsubiri Mkaguzi

Miaka ile redio ilisema kila asubuhi kwamba milango imefunguliwa, wageni waje wawekeze. Mkwe wangu aliisikia, akaja. Mlango alioukuta ninaujua mimi, maana nilikaa mbele yake pamoja naye, na haukufunguka upesi.

Alitoka Zambia. Binti yangu alikutana naye Mbeya, wakaoana, wakaja kwetu Mkonze na mpango wa mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kilichechemea lakini kilifika. Ili akubaliwe kukaa nchini kama mwekezaji alitakiwa aonyeshe eneo. Tukaenda ofisi ya vibali, karani akaniuliza shamba langu zuri ni lipi. Nikamtajia lile la chini, ekari tano za udongo mweusi, lililonilelea watoto sita baada ya baba yao kufa. Sikulazimishwa. Nilijivuna. Kati ya majirani zangu nani mwingine alikuwa na mkwe wa kiwanda?

Karani akanisogezea barua ya kutoa eneo, na wino nichovye dole gumba. Hakuuliza kama najua kuandika. Nilisoma ngumbaru, na jina langu ninaliandika likasomeka kuliko lake. Nikaomba kalamu. Nilipomaliza akasema, "Sasa mama, eneo liachwe tupu. Mkaguzi anakuja wakati wowote, akute hakuna kitu."

Wakati wowote. Mvua ya kwanza ikanyesha, nikakaa mlangoni nikitazama wenzangu wanapanda. Mkaguzi hakuja. Mvua ya pili wakasema barua yangu haionekani kwenye faili, niandike nyingine. Nikaandika. Mvua ya tatu faili lilikuwa juu.

"Juu ni wapi?" nikamwuliza karani.

"Juu tu, mama. Kwa wakubwa."

"Hata mvua inatoka juu, na kila mwaka inafika."

Watu kwenye benchi wakacheka. Karani hakucheka.

Na hilo benchi. Kwetu mkwe hakai pamoja na mama mkwe wake. Akiniona njiani anapisha, anaingia majanini mpaka nipite. Akiwa na neno anasimama nyuma ya ukuta, au anamtuma mkewe. Ndiyo heshima, na yule Mzambia aliishika vizuri kuliko vijana wetu. Lakini ofisi ilitutaka wote wawili, mwenye eneo na mwenye ombi, na benchi lilikuwa moja. Tukabanwa goti kwa goti, kutwa nzima, mimi nikitazama dirisha, yeye akitazama viatu vyake, jasho likimdondokea kwenye bahasha. Shamba ningeweza kusamehe. Aibu ile sijaisamehe mpaka leo.

Shamba lenyewe likageuka pori. Ng'ombe wa watu wakalala humo. Mimi niliyekuwa nagawia majirani mtama, nikawa napanda lori kwenda Kibaigwa kununua mahindi kama mtu asiye na jembe.

Mwaka wa nne mawingu yalipojikusanya, nikalitoa jembe. Mkwe wangu akaja nyuma ya ukuta.

"Mama, nakuomba. Wakikuta limepandwa, faili linarudi mwanzo."

"Lirudi. Lenyewe halili."

"Nimelisubiri miaka mitatu, Mama."

"Na mimi nimelisubiri. Tofauti ni kwamba mimi nimelala njaa shamba langu likiwa hapo."

Halafu nikamsikia anamwuliza mkewe jembe la pili liko wapi.

Mtama ulikubali, ardhi ilikuwa imepumzika. Ulipoanza kutia maziwa wakaja ndege, kundi kama moshi. Mkwe wangu akajenga dungu katikati ya shamba, akapanda juu na kombeo na debe bovu, akawa anapiga kelele toka alfajiri. Majirani wakipita walimtania.

"Mwekezaji, leo umewekeza nini?"

"Sauti," anawajibu. "Faida bado."

Wiki hiyohiyo ndipo mkaguzi alipokuja. Miaka mitatu eneo likiwa tupu hakuliona. Kijana, viatu vinang'aa, daftari kwapani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akatazama mtama. Akatazama dungu. "Yule pale ndiye mwombaji?"

"Ni mkwe wangu."

"Mbona anafanya kazi? Hana kibali cha kufanya kazi." Akafungua daftari.

Damu ilinipanda mpaka masikioni. "Mwanangu, umeoa?"

"Nimeoa, bibi."

"Ulipokwenda kuoa, hukuwalimia wakwe zako?"

"Niliwalimia."

"Nani alikupa kibali?"

"Bibi, sheria haijui ukwe."

"Basi waandike na ndege. Nao wametoka mbali, wanakula hapa, na hakuna aliyewakalisha kwenye benchi."

Aliandika kwamba eneo linatumika. Faili likarudi mwanzo, kama mkwe wangu alivyosema. Tulivuna, ghala likajaa, na wakati wa kupura hakunitupia lawama hata moja. Nisingemlaumu kama angefanya hivyo, maana usiku ule wa mavuno binti yangu aliniambia mumewe amelia.

Kibali kilitoka baada ya mvua mbili nyingine. Kufikia hapo shamba la chini nilikuwa nimekataa kulitoa tena, nimeandika eneo jingine kwenye ombi. Mashine ikafungwa kando ya barabara, kwenye kiwanja changu cha mawe ambacho hata mbuzi wanakikwepa. Akaja mkaguzi mwingine, mtu mzima, akakizunguka mara moja, akasema panafaa sana, mashine haihitaji udongo.

Mawe hayo nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Waliniuliza shamba zuri. Hakuna aliyeniuliza kama nina mawe.