Mbuzi Wawili wa Harusi Yangu

Baba yangu alikuwa shemasi wa kanisa, na siku za kazi alishona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, mtaa wa Mchafukoge. Jumapili akipita Kariakoo na kanzu yake nyeupe ya ibada, wageni wa mjini walimtolea salaam aleikum wakidhani ni shehe. Naye aliitikia vizuri tu. Akitoka kazini alizunguka kutazama wagonjwa, wa kanisani na wa msikitini, huku mama akilalamika kwamba chakula kinapoa. Alikuwa mtu mpole. Mimi upole wake sikuupata. Nilirithi ulimi wa mama.

Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita. Ng'ambo ya korido alikaa mzee mmoja muuza nazi na mkewe, Waislamu, watu wa pwani hasa. Ua ulikuwa mmoja, choo kimoja, mafiga yaleyale. Kwa hiyo kwetu baba hakushika kisu hata kwa kuku. Tukiwa na cha kuchinja tulimwita yule mzee achinje, ili wakati wa kula asiwepo jirani wa kukaa pembeni akimeza mate. Haikuandikwa mahali, ndivyo tulivyoishi.

Ikafika harusi yangu. Miaka hiyo ya hamsini watu walizungumza uhuru kwenye kila baraza, lakini mimi sikusikia lolote ila harusi yangu. Baba akanunua mbuzi wawili. Mzee angechinja akitoka kusali alfajiri, na mkewe angesimamia pilau, maana kwa pilau mtaani hakuwa na mpinzani.

Baba mdogo alikuwa ameshuka kutoka bara jana yake kwa treni, ana hamu ya kusaidia hadi inachosha. Akaamka kabla ya kila mtu, akachinja mbuzi wote wawili. Mzee alipokuja na kisu chake alikuta wanachunwa. Akadhani baba amemwita Mwislamu mwingine, akageuka akarudi chumbani kwake amenuna, hakuuliza neno. Mkewe naye akakata nyama, akabandika sufuria.

Baba alirudi saa tatu kutoka kuandaa kanisa. Hakumwona mzee uani, akaingia chumbani akamuuliza mdogo wake nani kachinja.

"Mimi, kaka. Nimewapunguzia kazi."

Baba akakaa kitandani kama mtu aliyeambiwa msiba. Mimi nikafunga mlango.

"Baba, tunyamaze. Nyama inakaribia kuiva. Nani atajua?"

"Mimi najua. Na wewe unajua."

"Wewe ni Mkristo, inakuhusu nini? Mtaa mzima umealikwa, unataka wale wali mkavu kwenye harusi yangu? Utaniaibisha!" Sauti ilinipanda, nakiri. Nilimwambia hata kwamba anawapenda majirani kuliko mwanawe.

Hakunikaripia. Akasema taratibu, "Mwanangu, watu hawa wanakula kwangu kwa kuniamini. Leo niwalishe kibudu kwa siri, kesho nikasimame madhabahuni nimshikie nani kikombe?"

Akatoka uani, nikamfuata nikilia. Wanawake walikuwa wamekaa kimya, miiko imelala juu ya vifuniko. Nikadhani wanapumzika. Baba akavua kofia, akawaambia nani amechinja, akawaomba radhi. Mke wa mzee akajibu, "Haya, baba," akainuka akaingia chumbani kwake. Nikajua harusi imekwisha. Wanja wote ulinishuka mashavuni.

Kumbe alikwenda kuchukua sufuria yake nyingine. Akarudi nayo na maharage. Baba alikwenda kumwangukia mzee, na mzee akatoka na nazi za kutosha, akakaa kuzifua mwenyewe. Mchana watu wa kanisani walikula pilau, majirani wakala wali wa nazi na maharage, wote kwenye majamvi yaleyale. Mtaani nikabaki na jina, bibi harusi wa maharage. Baba nilimnunia mpaka nilipojifungua mtoto wa kwanza.

Baba alifariki kabla ya miaka hiyo ya hamsini kwisha. Kwenye matanga yake mimi ndiye niliyegawa chakula. Mpangaji mmoja mgeni alimnong'oneza mke wa mzee, nyama hii kachinja nani? Akajibiwa, "Nyumba hii hatuulizi." Mgeni akamega tonge, akala. Mimi nikamimina mchuzi nje ya bakuli.

Baadaye tulikuwa wawili uani, mimi na mke wa mzee, tunaosha sahani. Nilishindwa kuvumilia.

"Mama, siku ya harusi yangu, mimi nilitaka tunyamaze."

"Tunajua," alisema, hata hakuinua macho. "Kuta za vyumba vile hazifiki juu, mwanangu. Tulikusikia neno kwa neno."

"Sasa mbona hamkusema kitu? Mbona hamkuondoka?"

Akasuuza sahani, akaifudikiza.

"Tulikuwa tunamsubiri baba yako."