Kitabu cha Ukunga Nyuma ya Kioo

Umewahi kumnyima mtu kitabu ambacho wewe mwenyewe hukisomi? Hilario aliwahi, tena mbele ya watu aliowaalika kwa mdomo wake.

Alikuwa mkutubi wa chuo kimoja cha uuguzi nje kidogo ya Njombe, mtoto wa wakulima wa pale karibu na misheni. Vitabu vyake alivijalidi kwa karatasi ya kaki, akavipangusa kila Jumamosi, na vile vipya akavifungia kwenye kabati la vioo. Wageni wakija, wakuu wa chuo waliwapitisha hapo kwanza. Hakuna kitabu kilichowahi kumpotea, na sifa hiyo ilimtembeza kifua mbele.

Wazo la chama lilikuwa lake, na lilikuwa zuri. Tusimnyime haki hiyo. Kila hospitali na kila chuo cha afya mkoani kilikuwa na chumba chake cha vitabu na mtu wake mmoja, asiyejua mwenzake ana nini. Hilario aliwapigia simu mmoja mmoja: tuungane, tuazimane. Wakakubaliana wakutane Makambako, maana kila mtu angefika kwa urahisi.

Katika ukumbi wa parokia, chai ikiwa bado inafuka, aliwasomea kifungu cha kwanza cha katiba: kitabu cha mwanachama mmoja ni cha wanachama wote. Wakapiga makofi. Ilibaki kura ya mwenyekiti tu, na hakuna aliyeshindana naye.

Ndipo Dorosela, mkutubi wa Iwawa kule Makete, akanyoosha mkono.

"Kaka Hilario, basi tuanze leo. Kitabu chetu cha ukunga tumekishona kwa uzi wa magunia ya viazi, na sura ya mama anayetoka damu baada ya kujifungua imeng'oka yote. Wewe unalo toleo jipya. Kesho nikirudi nakipitia hapo Njombe?"

Akilini Hilario aliliona kabati lake lina pengo. Mdomo ukamtangulia.

"Kile ni cha kusomea palepale, dada. Hakitoki."

"Si neno. Basi wanafunzi wako wanakifaidi."

"Kabati huwa limefungwa," alisema, sauti ikishuka. "Wana mikono michafu."

Rodrick, mkutubi wa Mlangali, akaweka kikombe mezani. "Ya kuzalisha ni misafi, ya kufunua kurasa ni michafu. Mzee, wewe mkutubi au askari magereza?"

Ukumbi ukacheka. Dorosela hakucheka, aliinamisha macho, na hilo ndilo lililomchoma Hilario zaidi. Kura ikaahirishwa. Chama kilizaliwa siku hiyo bila mwenyekiti, "mpaka tuone nani anaazimisha," kama alivyosema Rodrick. Njia nzima ya kurudi Hilario alijifanya amelala kwenye basi, jirani wa kiti asije akamsemesha.

Wala aibu hii si yake peke yake. Wangapi tumelelewa kuamini kwamba kukitunza kitabu ni kukizuia kisisomwe? Na wagonjwa ndio wanaolipa.

Asubuhi yake alikwenda kazini mapema, amedhamiria kukitoa kitabu kile akampe Dorosela kituo cha mabasi, atakapopita akirudi Makete. Alikuta mlango wa maktaba wazi, mfagizi akipiga deki. Mbele ya kabati alisimama Lightness, mwanafunzi wa mwaka wa pili, paji la uso limegusa kioo. Ndani kitabu cha ukunga kilikuwa kimefunuliwa, jinsi Hilario alivyokiweka ili kiwapendeze wageni, na binti alikuwa akinakili kurasa mbili zilizoonekana. Ukurasa wa pili uliishia katikati ya sentensi. Kalamu yake nayo ilikuwa imesimama hapohapo.

Akageuka, akamwona.

"Shikamoo, baba. Samahani, nimekuchafulia kioo."

Hilario aliingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Kabla hajaupata, binti alivuta mkono wa sweta lake, akaifuta alama ya paji lake mpaka kioo kikang'aa, akakusanya karatasi zake akatoka.