Mapigo Mawili Kifuani mwa Panya

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtu wa vizimba. Alibadilisha maranda, alijaza chupa za maji, alijua panya yupi anang'ata. Maabara nzima ilimwita Baba Panya. Mkewe pia, akikasirika. Alitamani kitu kimoja tu: kiti cha anayeendesha kamera ya kupima mioyo ya panya.

Jumanne bosi wake, Daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, alimpa jaribio.

"Ukinipatia picha safi, kiti chako. Ukiboronga, rudi kwa maranda yako."

Panya analazwa kwa gesi ya usingizi, kifua kimenyolewa, juu ya kimeza chepesi. Mwanga mwekundu unapenya ngozi, kamera inanasa mwanga unaorudi, na moyo mdogo kuliko harage unachora mawimbi kwenye kioo cha kompyuta: mapigo mia tano kwa dakika.

Yakachorwa. Lakini chini yake likapita wimbi jingine, zito, la mapigo themanini na nne.

"Moyo wa pili?" aliuliza Daktari.

"Labda ana mimba."

"Huyu ni dume, Baba Panya."

Walirudia mara tatu. Daktari akavua glavu. "Mgonjwa huyu. Mwondoe."

Panya aliyeondolewa harudi kizimbani, na hilo Baba Panya alilijua kuliko yeyote. Akaenda rafuni kuchukua kisanduku, akageuka: wimbi zito halipo. Akasogea mezani: hilo hapo. Akatazama chini. Tumbo lake lilikuwa limejilaza ukingoni mwa kimeza, limetulia kama mgeni aliyekaribishwa.

Angenyamaza, lawama zingebaki kwa panya, naye angepewa mwingine ajaribu tena.

"Daktari, si yeye. Ni hili." Akalishika tumbo kwa mikono miwili. "Mapigo yangu yanatikisa kimeza."

"Acha mzaha. Thibitisha."

Akapanda ngazi mbio hadi ghorofa ya tatu, akashuka, akaliegemeza mezani akihema kama mvukuto. Wimbi zito likaruka hadi mia moja arobaini na moja. Dume akaendelea kulala na mia tano zake.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Mashine ya panya imempima bwana mzima!"

"Basi nirudi kwa maranda?"

"Aliyekiri kosa lake mwenyewe nimwache? Kaa. Ila hatua moja mbali na meza."

Akakaa. Kwa umbali huo mikono haikufika kwenye kibodi. Akaivuta kibodi, akaipandisha juu ya tumbo, akaanza kazi.